Wanaokisemea Chuo Kikuu

Anayepanda matatu ya Kikuyu katikati ya jiji la Nairobi, akaifuata Barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, huambatana na Chuo Kikuu cha Nairobi karibu njia nzima pasipo kutambua. Makao makuu yako mjini, kando ya University Way, penye jumba refu jipya, Ukumbi wa Taifa na jengo la ukumbusho wa Mahatma Gandhi. Karibu na Museum Hill ni Chiromo, kwenye elimu ya sayansi. Upande wa Kabete kuna mabewa mawili, la Chini lililosifika kwa elimu ya biashara na la Juu lililosifika kwa kilimo na utabibu wa mifugo. Na kule mjini Kikuyu, ambako tayari ni Kaunti ya Kiambu, liko bewa la wanaosomea ualimu. Taasisi iliyotapakaa namna hii, yenye maelfu kwa maelfu ya wanafunzi na wahadhiri ambao kila mmoja ana rai yake na ulimi wake, haizaliwi na sauti moja. Mzazi aliye Turkana, mbunge aliye katika kamati ya elimu, mwandishi wa gazeti anayesubiri jibu kabla ya saa ya kuchapa, na mkazi wa Uthiru aliyesikia vishindo vya wanafunzi usiku, wote hao wanataka kuambiwa jambo, na kila mmoja ana lake analotaka kuambiwa. Ofisi inayobeba jukumu la kuwajibu huitwa ofisi ya mawasiliano, au ya uhusiano mwema, au ya mambo ya umma, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, pamoja na njia ya masomo inayomfikisha kijana ndani yake.

Wazazi wengi wa Kawangware, Dagoretti na Kangemi, watoto wao wanapopangiwa na KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kwenda kusomea mawasiliano au mambo ya umma, huuliza kwa wasiwasi usiostahili kulaumiwa kwamba mtoto huyu ataajiriwa wapi, maana udaktari una hospitali na ualimu una shule, ilhali shahada hii haina jengo lake ambalo mtu anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Wasiwasi huo unaeleweka, na dawa yake ni kuitazama kazi yenyewe.

Elimu ya mambo ya umma humfunza mtu mambo ambayo zamani yalikaa mbalimbali. Kuna sanaa ya kuandika na kusema: taarifa kwa vyombo vya habari, hotuba, ripoti ya mwaka, barua ya kuomba radhi, picha na maelezo yake, na siku hizi tovuti na mitandao ya kijamii. Kuna pia elimu ya dola: namna Bunge linavyopitisha bajeti, kaunti 47 zina mamlaka gani na hazina yapi, sheria inasema nini juu ya kashfa na siri za watu, na rai ya umma hupimwaje bila ya mpimaji kujidanganya. Aliyesomea uanahabari peke yake aghalabu huijua vyema saa ya kuchapa, lakini hushangaa anapoambiwa aandike maelezo ya kurasa mbili yatakayosomwa na kamati ya Bunge. Naye aliyesomea utawala peke yake huyaandika maelezo hayo vizuri, lakini hulala usingizi uvumi ukizagaa mtandaoni. Shahada hii ikifundishwa sawasawa huwaunganisha watu hawa wawili katika mtu mmoja, na juu ya hayo humtia tabia ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya kazi nzima, yaani ya kujiuliza, kabla ya kushika kalamu, ni nani anayedaiwa habari hii, nani aambiwe kwanza, na kwa lugha gani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo tunachokizungumzia kilifungua milango mwaka 1956 kikiwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963 pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikasimama peke yake kwa sheria ya Bunge, Dakta Josephat Karanja akiwa Naibu Chansela wa kwanza. Mwaka huohuo wa 1970 ikaanzishwa Shule ya Uanahabari, na mwaka uliofuata wataalamu wa nchi hii wakaunda Chama cha Uhusiano Mwema cha Kenya. Na hata shirikisho la vyama vya namna hiyo vya Afrika nzima lilizaliwa papa hapa Nairobi, mwaka 1975. Utaona basi kwamba fani hii si ngeni kwetu wala haikuletwa jana. Lakini katika miongo ile kusema na umma kulikuwa, kwa sehemu kubwa, ni kutangaza: wakubwa waliamua, tangazo likasomwa katika Sauti ya Kenya, ambayo jumba lake lilikuwa jirani kabisa katika Barabara ya Harry Thuku, na wanafunzi wakafunga virago. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mzazi aliyekuwa na mtoto wake humo hakuwa na afisi ya kuiendea akidai maelezo kwa haki. Alichopewa alikipokea kwa shukrani, na alichonyimwa alikinyamazia.

Hayo yamebadilishwa na sheria, na kijana anayeingia katika kazi hii leo yampasa aijue sheria hiyo kama muadhini anavyojua nyakati za sala. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wake. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, afisa anawajibika kumsaidia, aliandike ombi lake na kumpa nakala. Jibu litoke upesi iwezekanavyo na siku 21 zisipite. Na ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litoke ndani ya saa 48. Afisa wa kupokea maombi hayo, kwa mujibu wa sheria, ni mkuu wa taasisi mwenyewe, ambaye anaruhusiwa kumkabidhi mwingine kazi hiyo, na akinyimwa mwombaji bila ya sababu ya kisheria, ana njia ya kwenda kwa Ombudsman, mpokeaji wa malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Chuo kikuu cha umma kimo ndani ya sheria hii. Msomaji na atafakari maana yake: fundi wa viatu wa Kangemi asiyejua kuandika, mwenye binti anayesoma Kabete, anaweza kuingia katika ofisi ya chuo, akauliza kwa Kiswahili fedha fulani zimetumikaje, na mwenye shahada aliyeketi upande wa pili wa meza akalazimika kumwandikia swali lake kwa mkono wake. Kwangu mimi hili ni badiliko kubwa kuliko mitandao yote ya kijamii iliyopata kubuniwa.

Upande wa pili wa haki hiyo ni siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamzuia afisa kuchapisha picha na habari za mtu bila ya msingi wa kisheria, na si sheria ya karatasini tu, maana mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo pasipo idhini ya wazazi wao. Afisa kijana aliyezoea kupiga picha na kuirusha mtandaoni papo hapo hana budi kujizoeza kusita.

Nataka sasa nikae kidogo juu ya alfajiri moja, kwa kuwa ndani yake mna kazi yote ya ofisi hii. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na miili ikaletwa Nairobi, katika chumba cha maiti cha Chiromo, ambako wazazi waliwasili kutoka kila pembe ya nchi kuwatambua watoto wao. Siku kumi baadaye, Jumapili ya tarehe 12 Aprili, kabla ya jua kuchomoza, hitilafu ya nyaya za umeme ilileta milipuko katika bewa la Kikuyu. Wanafunzi waliokurupuka usingizini, na hofu ya Garissa ingali mbichi vifuani mwao, hawakudhani ni umeme. Walidhani zamu yao imefika. Wakaruka madirishani kutoka ghorofa za juu. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa, wakapelekwa katika hospitali za Kikuyu na Nairobi, na siku hiyohiyo wakuu wa chuo na wa kampuni ya umeme wakaeleza kwamba hapakuwa na shambulio lolote.

Sisemi kwamba tangazo lingeweza kuwawahi wale walioruka. Hofu ni ya sekunde na tangazo ni la dakika. Lakini saa zilizofuata zilikuwa za ofisi ya mawasiliano. Hebu tuichukue kazi hiyo mkononi tuitazame. Kijana wa zamu ameamshwa kwa simu, hajui mengi, na tayari watu wanaandikiana mtandaoni kwamba Kikuyu imevamiwa. Aandike nini? Asiyefunzwa ataanza na cheo cha Naibu Chansela, atasema kwamba uongozi umepokea kwa masikitiko taarifa za tukio, na ataahidi uchunguzi. Na mama aliye Kisii, mwenye simu inayotetemeka mkononi, atafika mwisho wa aya mbili hajajua kama watoto wanapigwa risasi. Aliyefunzwa ataanza hivi: “Milipuko iliyosikika alfajiri hii bewani Kikuyu imetokana na nyaya za umeme. Hakuna shambulio.” Kisha: waliojeruhiwa wamepelekwa hospitali fulani na fulani, mzazi apige nambari hii, wanafunzi wasiondoke mabwenini mpaka waambiwe na walinzi, taarifa nyingine itatoka saa moja na nusu. Sentensi hizo fupi zina hukumu nyingi ndani yake. Neno “Hakuna shambulio” haliandikwi kabla ya mtu wa umeme na mtu wa usalama kuthibitisha, wala halikawizwi hata dakika moja baada ya kuthibitisha. Jina la aliyefariki halitajwi mpaka jamaa zake waambiwe ana kwa ana. Ahadi ya taarifa ya saa moja na nusu hutimizwa hata kama hakuna jipya, kwa sababu kimya cha mwenye habari ndicho malisho ya uvumi. Na tangazo hutoka kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, lisingojee tafsiri ya mchana, kwani wanaolihitaji zaidi saa ile ni wazazi, wala wazazi wa nchi hii hawakusoma wote.

Ujuzi huo haupatikani kwa kipaji peke yake. Mpangilio wa nani aambiwe kwanza hufundishwa darasani, hufanyiwa mazoezi, na huandikwa katika hati ya tahadhari ambayo ofisi njema huwa nayo kabla ya balaa, ikiwa na nambari za simu za hospitali, polisi na wakuu wa mabweni, nambari zilizopigwa na kuhakikishwa hivi karibuni.

Si kila siku ni ya balaa. Sehemu kubwa ya kazi, na kwa wengi ndiyo tamu zaidi, ni kuutoa utafiti maabarani na kuufikisha uani kwa watu. Mwanzoni mwa mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na marehemu Profesa Job Bwayo, wakishirikiana na wenzao wa Oxford, walianza kuijaribu kwa watu wa kujitolea chanjo ya ukimwi iliyobuniwa mahsusi kwa aina ya virusi iliyoenea Afrika Mashariki, na utafiti wa chanjo ukaja kuwa na kliniki yake huko Kangemi. Fikiri ni maswali gani yaliyohitaji majibu katika mtaa kama ule. Je, sindano hii itanitia ugonjwa? Kwa nini mimi na si Mzungu wa huko Oxford? Nikikubali leo, naweza kukataa kesho? Majibu yalikuwepo: chanjo ile haikuwa na virusi hai, majaribio yalifanyika Uingereza pia, na mtu wa kujitolea huondoka wakati wowote atakao. Lakini jibu lililo sahihi katika jarida la kitaalamu haliwi jibu kwa muuza mboga wa Kangemi mpaka mtu aliyelielewa kwelikweli aliseme kwa maneno ya sokoni bila ya kulipotosha, na akae kitako asikilize swali linalofuata. Tena ilipofika mwaka 2004 ikadhihirika kwamba chanjo hiyo haikuuamsha mwili kwa nguvu zilizotarajiwa, ikabidi hilo nalo lisemwe. Ofisi inayopiga ngoma utafiti ukianza na kunyamaza utafiti ukishindwa hujivunjia imani ambayo haitaipata tena itakapotaka watu wa kujitolea mara nyingine.

Kupeleka elimu kwa watu ni jadi ya kale katika vitongoji hivi vya magharibi. Huko Kabete, mwaka 1925, ilifunguliwa Shule ya Jeanes, iliyopewa jina la Bi Anna T. Jeanes wa Philadelphia aliyeacha wakfu kwa ajili ya elimu ya Waamerika weusi wa vijijini, na kazi yake ilikuwa kuwaandaa walimu wa kuzunguka, waliokwenda kutoka shule hadi shule na kijiji hadi kijiji wakifundisha usafi, kilimo na malezi. Mwaka 1961 mahali pale pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, na leo ni Shule ya Serikali ya Kenya, ambako maofisa wa umma huendelea kunolewa. Sitaki kuupamba ukoloni uliowaweka walimu wale chini ya amri yake. Nasema tu kwamba mwalimu aliyetembea kwa miguu kwenda kueleza ugonjwa wa ng'ombe kwa mwenye ng'ombe alikuwa akifanya kazi ambayo afisa wa mawasiliano wa Kabete ya Juu anaifanya leo kwa video ya dakika mbili, na mara nyingi yule wa miguu aliifanya vizuri zaidi, kwa vile aliulizwa maswali akiwa amesimama hapohapo.

Kuna mtihani mwingine ambao mhadhiri hawezi kuumaliza darasani, nao ni kusema kweli juu ya taasisi inayokulipa mshahara. Profesa Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo, akafundisha anatomia ya mifugo, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Na leo huko Kabete ya Juu iko taasisi ya amani na mazingira iliyopewa jina lake. Ni habari ya fahari, na kila chuo kingependa kuisimulia. Lakini mwaka 1982 mwanamke huyuhuyu alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na aliporudi chuoni kuomba kazi yake akakataliwa. Afisa wa mawasiliano anayeandika tarehe 1971 na 2004 akairuka 1982 hajasema uongo, lakini ameandika habari isiyoaminika kwa yeyote aliyesoma maisha ya mama yule. Naamini kwa dhati kwamba chuo kinachoweza kuandika mwaka 1982 katika karatasi yake chenyewe, kwa sentensi moja iliyonyooka, ndicho kinachostahili kuandika ile miaka mingine miwili.

Basi kijana afikeje huko? Shahada zenyewe zinapatikana pasipo kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha uanahabari na mawasiliano, na pia sayansi ya siasa na utawala wa umma. Daystar, kilichopata hati ya chuo kikuu mwaka 1994 na chenye bewa lake karibu na Barabara ya Ngong, kimejijengea jina katika mawasiliano. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilicho Barabara ya Haile Selassie na kilichokua kutoka ile Kenya Polytechnic ya zamani, nacho hufundisha fani hii. Jina la shahada lina uzito mdogo kuliko masomo yaliyomo: anayesomea uandishi na achukue pia takwimu, sheria na utawala, anayesomea utawala na aandikie gazeti la wanafunzi mpaka mkono uzoee. Mafunzo ya nyanjani yasifanywe kwa kusaka muhuri tu. Miezi mitatu katika ofisi ya msajili, ambako wanafunzi wapya hupanga foleni wakiuliza karo, humfunza kijana mengi juu ya umma kuliko miezi mitatu ya kubeba kamera nyuma ya wakubwa. Na asidhani kwamba mlango ni mmoja: maandalizi hayohayo yanafaa katika taasisi za utafiti zilizo njia hiyohiyo ya magharibi, kama ile ya kimataifa ya mifugo, ILRI, iliyo karibu na Uthiru, au ile ya misitu, KEFRI, iliyo Muguga, ambazo nazo zina wataalamu wengi na wasikilizaji wengi, na zinahitaji watu wa kusimama katikati.

Ngazi ya kwanza ni ya chini. Msaidizi wa mawasiliano hupokea simu, husahihisha tovuti, huandika orodha ya wageni wa mahafali, na hukaa mpaka usiku akihakiki tahajia za majina ya wahitimu, maana jina lililokosewa siku ya mahafali hukumbukwa na ukoo mzima. Tangu mwaka 2023, ulipoanzishwa mfumo mpya wa kugharimia masomo ambao humpanga mwanafunzi katika kundi kwa kadiri ya mapato ya jamaa zake na kumgawia ufadhili na mkopo kwa hesabu hiyo, msaidizi huyo amepata kazi nyingine: kueleza kwa nini vijana wawili wa darasa moja, waliotoka kijiji kimoja, wamepelekewa karo mbalimbali, na aliyepangwa kimakosa akate rufaa wapi. Hapo ndipo elimu yake ya Bunge, ya HELB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi, na ya bajeti inapomfaa, kwa sababu anayeelewa mfumo hueleza, na asiyeuelewa humsoma mzazi waraka ambao mzazi ameshausoma.

Anayeomba kazi hiyo aambatishe na barua yake maandishi matatu aliyoyaandika mwenyewe: taarifa moja ya dharura isiyozidi maneno 100, maelezo ya utafiti mmoja wa kitaalamu yaliyoandikwa kwa Kiswahili anachoweza kukielewa jirani yake, na jibu la barua ya malalamiko ambalo halimkwepi mlalamikaji. Nimeona waajiri wakiyasoma hayo kabla ya kuifungua shahada.